Redio kolu, friji na chaja kwenye Land Cruiser ya safari: namna ya kufunga mwenyewe

Gari za utalii hapa Arusha huletwa kwa fundi umeme na malalamiko yale yale. Redio inazima ukibonyeza kuongea. Friji inakata usiku wa manane. Chaja za abiria zinapandisha simu asilimia tatu kwa saa nzima. Kabla ya kuja, mwenye gari ameshanunua redio nyingine, wakati ile ya kwanza haikuwa na shida yoyote: waya unaoiletea umeme ni mwembamba, au ethi, yaani njia ya hasi ya kurudi kwenye betri, imefungwa juu ya rangi. Ndiyo maana hapa nitakaa sana kwenye waya, na vifaa vyenyewe nitavipitia haraka.

Gari la mfano ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye injini ya 1HZ, iliyorefushwa bodi na kuwekewa paa la kufunguka. Tunafunga redio kolu ya VHF mbele, friji ya lita 40 nyuma, na soketi nne za USB kwenye viti vya wageni.

Hatua ya 1: Pima volti, kisha piga hesabu

Usihesabu betri kwa macho. Land Cruiser nyingi za safari zina betri mbili na bado ni za volti 12, kwa kuwa zimeungwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Lakini baadhi ya zile za zamani za dizeli zilizotoka Japani ni za volti 24. Weka maltimita kwenye DC upime. Ukikuta 24, usichukue umeme wa redio kwenye betri moja tu: hiyo itaishiwa huku mwenzake ikijazwa kupita kiasi, na zote zitakufa mapema. Tafuta kipunguza volti cha 24 kwenda 12.

Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, husoma kama 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Injini ikiunguruma utegemee 13.8 hadi 14.4, ikiwa chini ya hapo, shughulikia alteneta kwanza, haya mengine yasubiri.

Hesabu yenyewe ni wati kugawanya kwa volti, unapata ampea. Redio ya wati 25 hula kidogo sana ikisikiliza, ila ukibonyeza kuongea inaruka hadi ampea 5 au 7. Friji ya kompresa hula 4 hadi 5 inapozunguka. Soketi nne zenye matundu mawili kila moja, zote zikiwa na simu, ni kama 8. Jumla ni 20 hivi, na ndiyo inayoamua ukubwa wa waya mkuu.

Hesabu na usiku. Friji huwaka na kuzima, kwa hiyo wastani wake ni ampea 1.5 hadi 2. Saa kumi za kulala zinakula ampea-saa 15 hadi 20. Betri ya ukubwa wa N70 ambayo bado ni nzima inavumilia. Iliyochoka haitaamsha 1HZ alfajiri ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na baridi ile. Kama gari linalala porini mara kwa mara, funga betri ya pili yenye rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayoitenga injini inapozimwa, na friji itumie umeme wa hiyo ya pili.

Hatua ya 2: Chagua waya na fyuzi

Hapa ndipo pesa isibanwe. Toka kwenye betri hadi friji nyuma ya gari lililorefushwa ni kama mita 5, lakini umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 10. Ukizidisha urefu huo kwa 0.0175, ukagawanya kwa milimita za mraba za waya, halafu ukazidisha kwa ampea, unapata volti zinazopotea njiani. Kwa waya wa milimita 1.5 na ampea 5 ni karibu volti 0.58. Kwa waya wa milimita 6 ni 0.15 tu.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka uiangalie friji yenyewe. Kinga yake ya betri, ikiwekwa kiwango cha juu, mara nyingi hukata karibu na 11.8. Betri ina 12.3, ambayo ni salama kabisa, lakini waya mwembamba unaifikishia friji 11.7. Inakata. Mteja anakunywa maji ya vuguvugu, dereva anailaumu friji.

Mimi hufunga hivi: waya mkuu wa milimita 10 kutoka betri hadi boksi la fyuzi lililo ndani ya gari, kisha milimita 6 kwenda friji, na 2.5 kwenda redio na soketi. Nunua waya wa gari, wenye nyuzi nyingi laini. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene hukatika ndani kwa ndani kwa mtikisiko, na juu ganda linabaki zima, usijue pa kuanzia. Kwangua pia ncha ya waya kwa kisu kabla ya kulipa: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Mrudishie mwenye duka.

Fyuzi inalinda waya, hailindi kifaa. Kwa hiyo fyuzi kuu, ya ampea 40, inakaa ndani ya sentimita 20 kutoka betri. Ukiiweka kwenye deshibodi, mita mbili nzima za waya zinapita jirani na injini bila ulinzi, na siku ganda likichubuka utaona moshi kabla ya kuona fyuzi imekatika. Kwenye boksi la ndani weka 10 kwa redio, ile nyekundu, na 15 za bluu kwa friji na kwa soketi.

Hatua ya 3: Pitisha waya

Fungua terminali ya hasi ya betri kabla hujagusa kitu. Tafuta tundu lililopo tayari kwenye bati la kati ya injini na kabini, lenye raba yake. Ukilazimika kutoboa, chungulia upande wa pili kwanza, lainisha kingo kwa tupa, weka raba, ndipo upitishe waya. Bati lisilo na raba linaukata waya polepole kama msumeno.

Vika waya bomba la fleksibo, uufunge kwa tai za plastiki kila sentimita 20 au 30. Ukae mbali na ekzosi na shafti ya usukani. Kwenye gari jipya lenye mifuko ya hewa, usipitishe waya mbele ya mfuko wowote wala usiguse nyaya zake.

Hatua ya 4: Ethi

Bodi iliyorefushwa inakaa juu ya raba, si juu ya chesisi moja kwa moja, na imeungwa vipande vipande kisha ikapakwa rangi. Ukifunga hasi ya friji kwenye skrubu iliyo karibu, umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia kutu na rangi. Siku ya mvua inafanya kazi, siku ya jua inagoma. Usiitegemee bodi hata kidogo. Vuta waya wa hasi wa milimita 10 sambamba na wa chanya hadi kwenye baa ya hasi jirani na boksi la fyuzi, na kila kifaa kirudishe hasi yake hapo. Pale unapogusa chuma, kwangua kwa msasa mpaka king'ae, kaza, kisha paka grisi juu.

Hatua ya 5: Viungo

Wengi wetu tumefundishwa kulehemu kwa risasi. Kwenye gari la lami sina ugomvi. Kwenye barabara ya Naabi kwenda Seronera, ndani ya Serengeti, ile yenye vijituta vya changarawe visivyoisha, risasi huingia ndani ya nyuzi ikazifanya ngumu, na waya unakatika pale pale ugumu unapoishia. Tumia terminali za kubana, na koleo lake hasa, siyo plaizi. Ukishabana, vuta kwa nguvu za mkono; ukichomoka, afadhali umechomoka gereji. Malizia kwa mrija unaosinyaa kwa moto. Tepu nyeusi huyeyuka gundi kwa joto la boneti na baada ya msimu mmoja inaning'inia.

Hatua ya 6: Rilei ya soketi

Friji ibaki na umeme muda wote. Soketi za USB zizime na ufunguo, maana mgeni atasahau pawabenki yake imechomekwa usiku kucha. Nyuma ya redio ya muziki tafuta kwa testa waya unaopata umeme ufunguo ukiwa ACC (kituo cha kabla ya kuwasha injini) na kukosa ukiuzima. Huo upeleke mguu wa 86 wa rilei, 85 kwenye hasi, 30 kwenye umeme wa fyuzi, 87 kwenye soketi. Waya wa ACC unaamsha rilei tu, haubebi mzigo.

Hatua ya 7: Kuvifunga vifaa

Redio ikae kwenye bapa ya chuma ya milimita 3, kwa bolti za M6 na nati zenye plastiki ndani. Skrubu za bati huchimba tundu lao mpaka likalegea. Isikae usawa wa goti wala wa paji la uso, hata kama hapo juu panavutia. Friji izuiwe kwa mikanda minne ya pembeni, na uiachie nafasi ya kupumua upande wa feni. Soketi zitazame chini au ziwe na vifuniko, kwa sababu vumbi la Natron na la Ndutu ni laini, linaingia popote. Kishikio cha simu cha kunyonya kioo hakifiki Naabi. Funga cha bolti, na simu isikae juani.

Hatua ya 8: Antena

Kabla ya yote, masafa yawe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Antena ya robo wimbi inahitaji chuma chini yake. Paa la faibaglasi halifai. Urefu wake kwa sentimita ni 7125 kugawanya kwa megahezi zako, kwa hiyo kwa 150 ni kama 47.5. Iache ndefu kidogo, kisha uikate milimita chache chache huku ukipima SWR (kipimo cha nguvu ya redio inayorudishwa na antena) hadi ishuke chini ya 1.5. Usibonyeze kuongea bila antena, utaunguza redio.

Hatua ya 9: Jaribu kabla gari halijaondoka

Friji ikizunguka, pima volti kwenye betri, kisha kwenye plagi ya friji. Tofauti ikizidi 0.3 kuna kiungo kibovu; fuata waya kipande kwa kipande mpaka ukione.

Redio ikikoroma, chomoa chaja za USB moja moja. Chaja za bei rahisi hutoa kelele inayofunika VHF, na ile yenye kosa utaijua redio ikinyamaza.

Zima kila kitu, friji pia, ufunguo mfukoni. Fungua hasi ya betri, weka maltimita ya ampea katikati. Isizidi miliampea 50. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja hadi ishuke. Usiwashe injini mita ikiwa hapo.

Baada ya safari ya kwanza ya porini, rudia na spana ya 10 kwenye kila bolti ya M6, na uguse fyuzi kuu friji na redio vikiwa kazini. Vuguvugu ni sawa. Ikikuchoma kidole, terminali yake imelegea. Ifungue, isafishe, ubane upya kwa terminali mpya.