Kurudi kwenye baiskeli baada ya kubadilishiwa goti
Anza na siti. Ipandishe mpaka ukiweka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Siti ikiwa chini, goti hulazimika kukunjika kuliko linavyoweza, kisha linavimba. Kuzungusha duara zima kunahitaji mkunjo wa nyuzi 110 hivi. Kabla ya hapo piga stendi, sukuma pedeli mbele na nyuma nusu duara, dakika 5 hadi 10. Barabarani subiri kama miezi 3, daktari akiruhusu: tambarare, gia nyepesi. Kilima cha Bugando, Mwanza (ndiko hospitali iliko!) shuka, kokota baiskeli. Goti likivimba jioni, barafu ndani ya khanga dakika 15. Shavu la mguu likiuma na kuvimba, wahi hospitali: huenda damu imeganda.