Jinsi ya kumsimamia ndugu anayetumia ARV bila kumvua nguo mbele ya ukoo

Mamdogo wangu anatumia ARV, dawa za virusi vya UKIMWI (VVU), na anakaa Njombe, mimi niko Dar, dada yangu yuko Makambako, na ule mwaka wa kwanza wote tulikuwa "tunamsaidia", yaani asubuhi mmoja anapiga simu umeshakunywa dawa, mchana mwingine anapiga umekula, jioni wa tatu anauliza yale yale, mpaka siku moja akazima simu siku mbili nzima. Tukahangaika tukatuma bodaboda akamwangalie, kumbe mzima wa afya anapalilia mahindi, katuchoka tu.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa, achaguliwe mtu mmoja, na anayemchagua ni mgonjwa mwenyewe, sio kikao cha ukoo. Kule CTC, yaani kliniki ya wenye VVU, huwa wanaandika jina na namba ya msaidizi wa matibabu, huyo ndo anapigiwa mgonjwa asipotokea. Mamdogo alimruka dada yangu, akaniruka na mimi, akamchagua jirani yake wanaouza naye viazi. Iliniuma kidogo sikatai. Lakini jirani yuko hatua 20, mimi niko kilomita mia saba, sasa nani ataona kama mtu hajaamka?

Pili tarehe. Kaa naye mara moja tu na ile kadi yake ya CTC, andika tarehe ya kurudi kuchukua dawa na tarehe ya kupima wingi wa virusi. Anayeanza dawa hupimwa wingi baada ya miezi 6, tena ikifika miezi 12, baada ya hapo akiwa vizuri ni mara moja kwa mwaka. Majibu usiyaache hewani, muulize nesi, maana kuna watu wanatolewa damu halafu hamna anayeuliza majibu hata mwaka unapita. Ikitoka zaidi ya 1,000 (nakala za virusi kwa mililita moja ya damu) usianze kugombana, wanamrudisha kwenye ushauri wa ufuasi wa dawa kama miezi mitatu hivi kisha wanapima tena, na hapo ndo pa kuuliza taratibu dozi zinarukwa wapi. Ikiwa virusi havionekani kabisa na anaendelea kumeza vizuri basi hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana, hiyo mwambie kwa sauti, wengi hawajawahi kuambiwa.

Nauli itume siku mbili kabla ya kliniki na useme hii ni nauli. Ukituma "ya matumizi" wiki nzima kabla, itageuka daftari za mtoto na sukari, na hapo usimlaumu mtu. Na akishakaa sawa kwenye dawa aulize kama anaweza kupewa za miezi mitatu au sita kwa pamoja, safari nne kwa mwaka sio sawa na kumi na mbili.

Sasa dawa zenyewe. Wengi siku hizi wanatumia TLD, dawa tatu ndani ya kidonge kimoja, mojawapo ni dolutegravir, kimoja kwa siku, saa ile ile. Tatizo la mamdogo halikuwa kumeza, lilikuwa kelele. Kopo likiwa kwenye mkoba linalia chaka chaka chaka, na kwetu huko kila mtu anaijua hiyo sauti, basi yeye akawa anahamishia vidonge kwenye kikopo cha mafuta ya mgando kisichofunga vizuri, vinapata unyevu. Nesi alipoona alicheka kwanza halafu akamwambia rudisha kwenye kopo lake, kile kipakiti kidogo cha kunyonya unyevu usikitupe, karatasi ya nje bandua ukitaka, na juu shindilia pamba. Imekwisha, kopo halilii tena.

Halafu chunguza anakunywa nini kingine. Zile magnesium za kutafuna za kiungulia zinazuia dolutegravir kuingia mwilini, TLD imezwe masaa mawili kabla yake au masaa sita baada. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiam pia vina shida hiyo, ila hivyo anaweza kumeza pamoja na TLD kama ni wakati wa chakula. Akianza dawa za TB ndo usikae kimya kabisa, CTC lazima wajue maana rifampicin, mojawapo ya dawa za TB, inafanya dolutegravir ihitajike mara mbili kwa siku. Akisahau dozi ameze akikumbuka, asimeze mbili kwa mpigo kufidia.

Kuna siku mhudumu wa kituo kimoja alimwita kwa sauti kwenye foleni "nyie wa dawa zile njooni huku", akarudi nyumbani analia akasema harudi tena. Ikitokea kwako, usiishie kulalamika kwenye simu na ndugu, mwone mfawidhi wa kituo, sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya mgonjwa. Ikishindikana omba barua ya uhamisho aende CTC nyingine, asiondoke hivi hivi akaitwa mtoro. Sisi waliotusaidia ni WAVIU (watu wanaoishi na VVU) washauri pale pale kliniki, wenyewe wanatumia dawa wanaongea lugha moja naye, na kwenye halmashauri kuna Konga, ndo mtandao wa wanaoishi na virusi chini ya NACOPHA, baraza lao la taifa. Mwanzoni mwa 2025 hela za Marekani ziliposimamishwa watoa huduma wengi wa jamii walikosa kazi, kwa hiyo usitegemee kila siku kuna mtu wa kubisha hodi, jirani wa viazi ana thamani yake.

Kuhusu ukoo kuchangia, chakula na bima vinachangiwa vizuri tu bila kutaja ugonjwa. Sisi tulisema "anahudhuria kliniki", basi. Usitunge presha wala kisukari, maana kuna shangazi atamletea dawa ya kienyeji ya presha na utamwambia nini?

Siku hizi mimi napiga Jumapili tu. Juzi nikaanza na dawa kama kawaida yangu, akanikata, "we mtoto, niulize kuku kwanza".