Somo: Kuitoa tasnifu kabatini na kuifanya makala ya Kiingereza

Ndugu zangu wanataaluma, wengi mmeniandikia kwamba jarida limewarudishia muswada kwa maneno yale yale: Kiingereza hakiridhishi, mtafute mzawa wa lugha ausome. Maneno hayo yanauma, nami niliwahi kuyapokea. Mwenzangu wa idara alinisaidia kuupitia ule muswada, akakuta makosa ya sarufi ni machache. Kilichoniangusha ni kwamba jambo langu lenyewe lilijitokeza ukurasa wa saba. Nikalipandisha ukurasa wa kwanza, nikakata kurasa nne, na jarida jingine likaipokea makala kwa marekebisho madogo. Tangu siku hiyo, anayeniletea kazi yake tunaanza na mpangilio wa hoja, Kiingereza baadaye.

Tutumie mfano mmoja mpaka mwisho. Tuseme umewatafiti wakulima wa mwani Paje, Unguja. Kilimo hicho cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, wakulima wengi ni wanawake, na aina ya cottonii, ambayo bei yake ni nzuri kuliko aina nyingine, spinosum, imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi yanapopata joto.

Hatua ya 1: Sema ulichokipata, kwa Kiswahili, sentensi moja. Kwa mfano: "Waliohamishia cottonii kwenye maji ya kina kirefu walivuna zaidi, lakini wasiojua kuogelea walibaki nyuma." Kama huwezi kumweleza shangazi yako jambo hilo akaelewa, Kiingereza hakitakuokoa. Ibandike sentensi hiyo mbele ya meza yako.

Hatua ya 2: Chagua jarida kabla ya kuandika. Soma makala tatu za karibuni za jarida hilo. Ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo, ina maneno mangapi? Waandishi wanajiita "we" au wanajificha? Majarida ya bure kusoma yaliyochunguzwa yako kwenye orodha ya DOAJ, iliyoanzishwa mwaka 2003. Ya kwetu Afrika utayapata mengi kwenye tovuti ya AJOL (African Journals Online), iliyoanza mwaka 1998. Jarida linalokuandikia barua pepe ya sifa nyingi, likaahidi kukuchapisha ndani ya wiki moja, huku ada limeificha, liache.

Hatua ya 3: Utangulizi. Hapa ndipo wengi wetu tunapoumia. Tasnifu ilitufundisha kushuka ngazi: hali duniani, hali Afrika, Afrika Mashariki, Tanzania, mkoa, wilaya, ndipo tufike Paje. Mhariri hana subira hiyo. John Swales, aliyechambua tangulizi za makala za kitaaluma, alionesha mwaka 1990 kwamba kwa kawaida zina miondoko mitatu: unaonesha uwanja, unaonesha pengo lililomo, kisha unaliziba. Kwetu itakuwa hivi: mwani ni kipato cha wanawake wa pwani na joto la bahari linauua (uwanja), wataalamu wameeleza kina kipi kinaufaa mwani, hawajaeleza nani anaweza kukifikia (pengo), sisi tumewauliza wanawake wenyewe (kuliziba). Aya tatu au nne zinatosha. Dai la pengo lifanyie kazi kweli: soma mpaka uwe na hakika hakuna aliyekutangulia.

Hatua ya 4: Sasa Kiingereza. Makosa yetu hayaji ovyo. Mengi yanatoka kwenye Kiswahili chetu, kwa hiyo yanatabirika, na kinachotabirika kinawindwa.

Kiswahili kina tafiti, taarifa na vifaa, ndiyo maana tunaandika "researches", "informations", "equipments". Maneno hayo matatu hayachukui wingi huo. Yatafute kwenye kompyuta moja moja uyarekebishe.

"A" na "the" zinatutesa kwa sababu hatuna kitu kama hicho. Mimi hufanya jaribio hili: irudishe sentensi kwenye Kiswahili. Ukiweza kusema "mkulima mmoja", andika "a farmer". Ukiweza kusema "mkulima huyo", yule tuliyekwisha kumtaja, andika "the farmer". Jaribio hili halimalizi kila kitu, lakini linaondoa makosa mengi kwa jioni moja.

Sisi husema "kwa kuwa maji yamepata joto, ndiyo maana cottonii inakufa". Ukiihamisha ilivyo unapata "Since the water is warm, that is why cottonii dies". Futa "that is why", sentensi itasimama.

Angalia pia "he" na "she". "Yeye" wetu hana jinsia, na nimewahi kusoma muswada ambao mama mkulima alianza mwanamke akamalizia aya akiwa mwanamume.

La mwisho, punguza "prove". Mahojiano ya watu 40 hayathibitishi jambo. Yanaashiria, yaani "suggest". Mhakiki, yaani mtaalamu anayeombwa na jarida kuupima muswada wako, akiona dai kubwa kuliko data, anaanza kushuku na yale uliyoyapima vizuri.

Hatua ya 5: Tuma. Jarida moja kwa wakati mmoja. Kutuma kwa mawili pamoja ni kosa la kimaadili.

Hatua ya 6: Maoni ya wahakiki. Yasome, funga kompyuta, lala. Kesho yake chora jedwali la safu tatu: alichosema, ulichofanya, ukurasa. Jibu kila kipengele, hata cha nukta moja. Usipokubaliana naye, eleza sababu kwa heshima, na data mkononi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Mhakiki kaandika "Kiingereza kibovu" bila kutaja mahali. Nimjibu nini? (Dodoma)*

Marahaba. Mshukuru, kisha mwandikie mhariri ukiomba mifano miwili mitatu ya sentensi zisizoeleweka. Ni ombi halali kabisa. Wakati unasubiri, mpe mwenzako wa fani ile ile ausome, apige mstari kila anaposimama kurudia. Mzawa wa Kiingereza asiyeijua fani anaweza kukuharibia istilahi.

*Ada ya kuchapisha inazidi mshahara wangu. Nifanyeje? (Bujumbura)*

Pole sana, ndugu yangu. Wachapishaji wengi wakubwa husamehe au kupunguza ada kwa waandishi wa nchi za kipato cha chini, na wengi hufuata orodha ya nchi ya Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi hizo majarida bure au kwa bei nafuu. Tafuta ukurasa wao wa misamaha na uombe mapema, wakati wa kutuma. Makala ikishakubaliwa huenda ukaambiwa umechelewa. Yapo pia majarida yasiyomtoza mwandishi hata senti. Kama unahitaji mtu wa kukushika mkono, AuthorAID huwaunganisha watafiti na washauri bila malipo.

*Naruhusiwa kutumia akili unde (AI) kunyoosha Kiingereza? (Eldoret)*

Majarida mengi yanaruhusu kunyoosha lugha ukitamka wazi umeitumia wapi. Soma masharti ya jarida lako. Kamati ya maadili ya uchapishaji, COPE, imesema programu haiwezi kuwa mwandishi, kwa kuwa haiwezi kubeba wajibu. Kila rejeo iliyokupa lifungue kwa mkono wako, maana hutunga marejeleo yasiyokuwepo. Usiipe majina wala sauti za uliowahoji.

*Mwalimu, kwa nini tusiandike kwa Kiswahili tukaachana na haya? (Unguja)*

Andika, mwanangu. TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ina majarida yaitwayo "Kiswahili" na "Mulika", na jarida la Swahili Forum huchapisha makala za Kiswahili pia. Hayo yanafaa kazi za lugha, fasihi na utamaduni. Kwa kazi ya mwani, wanaopima joto la bahari Indonesia na Ufilipino, wanakolima cottonii hiyo hiyo, watakusoma kwa Kiingereza, nawe unawahitaji. Ila kabla hujatuma, chapa kurasa mbili za Kiswahili, nenda Paje maji yakiwa yametoka, uwasomee akina mama waliokupa muda wao. Wakikwambia "hapa hukutuelewa", rekebisha hapo kwanza, kwenye Kiswahili na kwenye Kiingereza.