Kwenda kufanya kazi nje ukiwa na VVU: maandalizi kutoka Lubumbashi, hatua kwa hatua

Hesabu vidonge kabla ya kuhesabu nauli. Mtu anayemeza ARV akatoka Lubumbashi kwenda Kitwe, Johannesburg au Brussels huangushwa pale chupa ya mwisho inapokwisha kabla hajaijua kliniki ya huko. Virusi havingoji upate kibali: ukiacha dawa, vinarudi kwenye damu ndani ya wiki mbili hadi nne. Kwa hiyo maandalizi haya yaanze miezi mitatu kabla ya safari. Anayekuja kituoni siku mbili kabla ya basi, muuguzi hana cha kumfanyia zaidi ya kumpa chupa iliyopo.

Hatua ya 1: Jua kama nchi unayoiendea inapima

Kabla ya kumlipa komisionere, yule wakala wa safari, hata franka moja, uliza: kibali cha kazi cha nchi hiyo kinadai kipimo cha VVU?

Zambia, Afrika Kusini, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Ubelgiji na Ufaransa hazimzuii mtu kuingia wala kufanya kazi kwa sababu ya VVU. Marekani iliondoa kizuizi chake tarehe 4 Januari 2010. Tangu hapo uchunguzi wa viza ya uhamiaji hauna kipimo cha VVU. Wanatafuta kifua kikuu, kaswende na kisonono.

Ziko nchi zinazopima bila kufunga mlango papo hapo. Kanada humpima kila mwombaji wa ukaazi wa kudumu mwenye miaka 15 na zaidi, kisha wanakadiria gharama ya matibabu yako. Ikizidi kikomo chao, ombi linaweza kukataliwa. Kikomo hicho kilipandishwa mara tatu mwaka 2018, na wakimbizi pamoja na mume au mke anayeitwa na mwenzake hawahesabiwi gharama hiyo. China ilifuta kizuizi cha kuingia mwaka 2010, lakini anayeomba kibali cha kukaa kwa masomo au kazi bado anapimwa. Mfanyabiashara anayekwenda Guangzhou wiki mbili kununua mali na kijana anayekwenda kusoma miaka minne hawako kwenye mstari mmoja.

Kisha ziko zinazofunga: Falme za Kiarabu, Saudia, Qatar, Kuwait. Mfanyakazi anapimwa, na akikutwa na VVU anarudishwa kwao. Urusi nayo inadai cheti kwa anayekaa zaidi ya miezi mitatu. Orodha ya ONUSIDA, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, ya mwaka 2019 ilikuwa na nchi na maeneo 48 yenye vizuizi vya aina moja au nyingine, jirani yetu Angola ikiwemo. Baadhi zimebadilisha sheria tangu hapo, kwa hiyo uliza upya kila safari.

Hapa ndipo pesa za watu zinapoliwa. Cheti cha labo cha kununua hakisaidii kitu, kwa sababu nchi za Ghuba zinarudia kipimo ukishafika. Wengine wanafikiri kwamba sharji virali (idadi ya virusi kwenye damu) isiyoonekana itawapitisha. Kipimo cha viza kinatafuta kingamwili, na kingamwili hubaki mwilini hata ukiwa chini ya kopi 50 za virusi kwa mililita ya damu. Wengine huambiwa waache dawa wiki kadhaa “damu isafike”. Matokeo yake kipimo kinabaki vilevile na virusi vinapanda. Kwa nchi za fungu hili hatuna ujanja wa kukupa. Tafuta kazi upande mwingine.

Hatua ya 2: Labo, miezi mitatu kabla

Omba sharji virali mapema, maana majibu yanaweza kuchelewa. Chini ya kopi 50, safiri bila wasiwasi. Ikizidi 1,000, usiondoke: utapewa ushauri wa namna ya kumeza dawa, kisha kipimo kinarudiwa baada ya miezi mitatu. Ni afadhali kulijua tatizo ukiwa karibu na kituo kinachokufahamu.

Usiishie hapo. Omba kipimo cha hepatiti B, kile kinachoandikwa AgHBs. Watu wengi hawajawahi kupimwa, na ndicho tunachokisisitiza kuliko vyote. Kidonge cha ARV kiitwacho TLD kina tenofoviri na lamivudini, na zote mbili zinazuia hepatiti B pia. Daktari wa Ulaya anaweza kukubadilishia dawa: sindano ya kila miezi miwili, au kidonge chenye dawa mbili bila tenofoviri. Kwa VVU ni sawa. Lakini kama una hepatiti B na hakuna aliyeiandika kwenye dosye, kuitoa tenofoviri kunaweza kuamsha ugonjwa wa ini kwa ukali. Mstari mmoja wa AgHBs kwenye karatasi unakukinga.

Kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, ipimwe na iandikwe pamoja na tarehe. Dolutegraviri, dawa ya tatu ndani ya TLD, hupandisha kidogo namba ya kreatinini kwenye damu bila kuumiza figo. Mganga wa vizite medikali (uchunguzi wa afya wa viza au kazi) asiyejua unameza nini anaweza kuandika kwamba figo zina kasoro. Ukiwa na namba ya zamani ya kulinganisha, mjadala unakuwa mfupi.

Kama uko kwenye dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, unahitaji dolutegraviri ya ziada ya miligramu 50, masaa 12 baada ya TLD. Ukiweza, maliza matibabu hayo kwanza.

Hatua ya 3: Karatasi mbili, zisichanganywe

Karatasi ya kwanza ni fishi ya transferi, yaani ya uhamisho, ya kliniki ya huko tu. Iwe na tarehe ya kugunduliwa, tarehe ya kuanza ARV, dawa zote ulizowahi kumeza pamoja na sababu ya kubadilishwa, sharji virali ya mwisho na tarehe yake, CD4 (hesabu ya chembe za kinga) ya kwanza na ya mwisho, AgHBs, kreatinini, kama ulimaliza dawa ya kuzuia kifua kikuu, mzio, na dawa nyingine unazomeza. Sababu za kubadilishwa dawa ndizo zinazosahaulika sana. Daktari mpya akiona “2016 TLE, 2020 TLD” bila maelezo (TLE ina efavirenzi badala ya dolutegraviri), hawezi kujua kama dawa ya kwanza ilishindwa au mpango wa nchi ulibadilika tu.

Karatasi ya pili ni ordonansi ya mpakani, yaani karatasi ya dawa ya daktari. Jina kama lilivyo kwenye pasipoti, majina ya dawa kama yalivyo kwenye chupa, miligramu, idadi ya vidonge, sahihi na muhuri, na maneno “matibabu ya kudumu”. Neno VVU halina kazi hapo. Iandikwe kwa Kifaransa, na kwa Kiingereza kama unapitia mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia.

Piga picha ya zote mbili, uzitume kwenye barua pepe yako, kisha uzifute kwenye simu. Simu hukaguliwa, huazimwa, huibiwa.

Hatua ya 4: Vidonge

TLD ni kidonge kimoja kwa siku: tenofoviri 300, lamivudini 300, dolutegraviri 50. Chupa zinakuja za vidonge 30, 90 au 180. Hesabu yetu ni siku za kukaa, ongeza 30. Anayekwenda miezi mitano abebe 180. Anayehamia kabisa aondoke na miezi mitatu kwa uchache, sita ikiwezekana. Kituo kinaweza kukuambia stoki inaruhusu mwezi mmoja tu. Ndiyo maana ombi linapelekwa mapema, na ndiyo maana unamwandikisha kituoni mtu unayemwamini ambaye atakuchukulia dawa ukiwa mbali.

Usiviondoe vidonge kwenye chupa yake kuvitia kwenye mfuko wa plastiki. Kile kifuko kidogo cha ndani kinanyonya unyevu, na lebo ndiyo inayolingana na ordonansi. Kama unaona haya kwa sababu chupa inalia ukitembea, jazia pamba safi juu, kisha itie kwenye kipochi cha nguo. TLD ihifadhiwe chini ya nyuzijoto 30. Madereva wa malori wanaolala kwenye foleni ya Kasumbalesa wasiiache juu ya dashibodi. Kabini iliyofungwa juani hupita joto hilo upesi. Iwe chini ya kitanda cha kabini, ndani ya nguo.

Kwenye ndege, dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi. Ukitaka kugawa, mzigo mkubwa ubebe za akiba tu.

Hatua ya 5: Chanjo ya homa ya manjano

Afrika Kusini inadai kitabu cha manjano, cheti cha chanjo hii, kwa anayetoka Kongo. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo mwambie anayechanja hali yako au mpelekee barua ya mganga wako. CD4 ikiwa 200 au zaidi, mganga anaweza kuidhinisha. Ikiwa chini ya 200, huchanjwi. Mganga hukuandikia cheti cha msamaha kwa sababu za kiafya. Kitabu huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote.

Hatua ya 6: Saa ya kumeza

Ndola na Johannesburg zina saa sawa na Lubumbashi. Hakuna cha kubadilisha. Brussels hutofautiana kwa saa moja wakati wa baridi tu. Guangzhou ndiko kwenye hesabu: saa mbili usiku ya hapa ni saa nane usiku ya kule. Siku ya kufika, meza saa mbili usiku ya huko, yaani masaa 18 tangu kidonge kilichopita. Kutangulia hakuna madhara. Ukielekea Montréal wakati wa kiangazi, saa mbili usiku yako inakuwa saa nane mchana. Anza na hiyo, kesho saa kumi, keshokutwa saa kumi na mbili jioni, mpaka urudi saa mbili usiku.

Ukisahau, na yamebaki zaidi ya masaa manne kabla ya kidonge kinachofuata, meza. Yakiwa manne au pungufu, ruka. Usimeze viwili kwa mkupuo. Na angalia dawa za kiungulia: zenye magnesiamu au aluminiamu zinakamata dolutegraviri tumboni isiingie mwilini. Meza TLD masaa mawili kabla yake, au masaa sita baada. Vidonge vya chuma na kalsiamu vinaweza kwenda pamoja na TLD, ila wakati wa chakula tu.

Hatua ya 7: Ukishafika

Jiandikishe kliniki ndani ya wiki mbili za kwanza, hata kama bado una chupa tatu. Zambia, vituo vya serikali vinatoa ARV bure, na taarifa zako zinaingizwa kwenye mfumo wa SmartCare, hivyo ukihama kutoka Kitwe kwenda Lusaka omba uhamisho badala ya kuanza upya kwa jina jingine. Ukijua Kibemba kidogo mambo yanakwenda haraka. Afrika Kusini, kliniki za serikali hutoa ARV bure kwa wageni pia, lakini makundi yanayopinga wageni yamewahi kusimama kwenye malango ya kliniki kuwarudisha watu. Nenda na mtu anayejua mtaa, na ukizuiwa leo usikate tamaa ukae bila dawa. Jaribu kituo kingine.

Ubelgiji, asiye na karatasi huomba msaada wa dharura wa matibabu kupitia CPAS, ofisi ya msaada wa jamii ya komini anapoishi, na ARV zimo. Ufaransa, AME, msaada wa matibabu kwa wasio na karatasi, huombwa baada ya miezi mitatu ya kukaa. Kabla ya hapo, hospitali za umma zina ofisi inayoitwa PASS.

Hatua ya 8: Kazini

Huna wajibu wa kumwambia msimamizi unameza nini. Afrika Kusini, sheria ya usawa kazini ya 1998 inakataza kumpima mfanyakazi VVU mpaka mahakama ya kazi iruhusu. Kanuni za SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, za 1997 zinapinga kupima VVU kama sharti la kuajiriwa, ingawa hazina nguvu ya sheria. Kongo kwetu iko sheria namba 08/011 ya 14 Julai 2008, lakini haikufuati ukivuka mpaka. Vizite medikali inapokuja, uliza wanapima nini kabla ya kunyoosha mkono. Kama VVU imo, omba kujua ni sharti la nani, nchi au kampuni.

Kwa anayemwacha mwenzi nyumbani: OMS, Shirika la Afya Duniani, ilisema wazi Julai 2023 kwamba mwenye virusi visivyoonekana, akiendelea kumeza dawa, hamwambukizi mwenzi wake kwa tendo la ndoa. Mpelekee karatasi ya majibu, aione mwenyewe.

Dawa zikikuishia

Usivute siku kwa kumeza siku moja na kuruka nyingine, wala kugawana chupa na mwenzako. Dawa ikiwa ndogo kwenye damu, virusi vinajifunza kuikwepa. Meza kila siku mpaka kidonge cha mwisho, na anza kutafuta nyingine vikibaki 30. Usinunue sokoni chupa isiyo na tarehe au iliyofunguliwa. Dawa kutoka nyumbani ije kwenye chupa iliyofungwa, pamoja na nakala ya ordonansi, mkononi mwa mtu unayemjua kwa jina.

Kama umeshakaa wiki kadhaa bila dawa, nenda kliniki useme hivyo hivyo. Kuficha kunamfanya daktari asome vipimo vibaya. Ukiwa na homa, kikohozi, jasho la usiku au kichwa kinachouma bila kupoa, taja kabla hujapewa chupa mpya, kwa kuwa kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo huangaliwa kwanza. Na kama una hepatiti B, mwambie siku hiyo hiyo, apime ini.