Tambiko la ukoo Uchagani: kuandaa isale, mbege na mbuzi

Tambiko likiharibika Uchagani, mara nyingi limeharibika kabla ya siku yenyewe. Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, imechacha mapema mno, mashine ya kusaga imefungwa kwa Krismasi na ulezi bado uko guniani, au ndugu wawili walionuniana kwa mpaka wa kihamba (shamba la nyumbani la migomba) wamefika kila mmoja na kinyongo chake. Mwongozo huu unahesabu siku kurudi nyuma, tukichukulia kwamba ukoo umepanga tambiko tarehe 28 Desemba, wakati wengi wako nyumbani. Kama siku yenu ni nyingine, sogezeni hesabu yote.

Ruwa ndiye Mungu, na jina lake ni hilo hilo la jua. Warumu ni wafu wa ukoo, na wao ndio wanaopewa mbege na nyama kwa kuwa bado wanahesabiwa kuwa wazee wa nyumba. Wanaheshimiwa, wanalishwa na kuambiwa habari za nyumbani, kama mzee aliye hai anavyoelezwa kabla kihamba hakijagawanywa. Anayesema Wachagga huabudu mifupa hajawahi kusikiliza maneno yanayosemwa pale kaburini. Kutoka Siha hadi Rombo taratibu hutofautiana, na hata ndani ya Machame ukoo mmoja haufanyi sawasawa na mwingine. Maelezo haya yakipishana na ya wazee wenu, fuateni ya wazee wenu.

Majina na mtambikaji (mwezi mmoja kabla)

Mtambikaji ni mzee mkubwa wa kiume katika ukoo, hata kama mdogo wake ndiye mwenye fedha na ndiye aliyenunua mbuzi. Akiwa mgonjwa au hawezi kusema, yeye mwenyewe amtaje atakayesimama badala yake, mbele ya mashahidi wawili watatu. Ulizeni mapema pia nafasi ya shangazi mkubwa. Msisubiri mpaka siku yenyewe ndipo mgundue kuwa hakualikwa.

Andikeni majina ya wafu, vizazi vitatu au vinne kwenda juu: nani alimzaa nani, wake zao, na kaburi la kila mmoja liko wapi. Wale ambao majina yao yamepotea hutajwa kwa pamoja mwishoni. Makosa yanayorudiwa ni mawili: kusahau wanawake walioolewa wakafia humo, na kumruka kwa makusudi mtu aliyekufa vibaya au aliyegombana na ukoo. Huyo wa pili ndiye hasa wa kutajwa, kwa sababu wazee wengi watakwambia kuwa mrumu aliyerukwa ndiye anayedai.

Isale (wiki mbili hadi tatu kabla)

Isale (wingi wake masale) ni ule mmea wa majani marefu ya kijani unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba na makaburini. Zamani, baada ya muda wa maziko, fuvu la mzee lilihamishiwa kwenye kichaka cha masale ndani ya kihamba, na kichaka hicho kikawa mahali pa kusemea na warumu. Kwa hiyo, mnaposafisha makaburi, palilieni magugu lakini masale msiyafyeke. Vijana wa mjini wenye panga kali wamekwisha kuondoa alama za mipaka na za makaburi asubuhi moja, na ugomvi uliofuata ukadumu miaka.

Jani la isale pia ndilo la kuombea msamaha, na hiyo ndiyo kazi ya kufanya kabla ya tambiko. Watu wenye ugomvi hawawezi kunywa kata moja mbele ya warumu. Hatua ni hizi:

1. Mkosaji amweleze mzee mmoja anayekubalika na pande zote mbili kosa lenyewe, bila kulipunguza.
2. Mzee huyo, au mtu aliyemteua, achume jani bichi lisilochanika, alipige fundo moja lisilobana, na alipeleke kwa aliyekosewa. Mkosaji asitangulie mwenyewe. Akifika na hasira za mwenzake zikampokea, jani litatupwa.
3. Mpelekaji ataje kosa kwa jina lake: "Fulani anasema alisogeza mpaka wako hatua tatu, anaomba isale lipokelewe." Kusema tu "msameheane" hakutoshi, maana aliyekosewa anataka kusikia kwamba kosa limekubaliwa.
4. Aliyekosewa akipokea, siku ya kukutana ipangwe. Fidia ikidaiwa, iwe mbuzi, mbege au kurudisha mpaka, itolewe siku hiyo hiyo au iwekewe tarehe. Halafu wanywe kata moja.

Kukataa isale ni jambo zito, na kwa desturi anayelikataa ndiye anayebaki na mzigo. Lakini uzito huo usitumiwe kumkaba mtu. Mwanamke aliyepigwa au mtoto aliyeumizwa hatakiwi kunyamazishwa kwa jani. Hayo ni ya polisi na ustawi wa jamii, na isale lisubiri.

Mbege (kuanzia tarehe 13)

Hapa ndipo hesabu inapohitaji umakini. Vipimo vifuatavyo vinatoa takriban lita 100, zinazotosha watu hamsini. Ni vipimo vya kuanzia, kwa kuwa kila mama mpishi ana mkono wake.

Mahitaji: mikungu 5 mikubwa ya ndizi, ulezi kilo 12, magome ya msesewe yaliyokaushwa na kutwangwa gramu 200 hadi 300, maji safi, na vyombo viwili vikubwa vyenye mifuniko.

Tarehe 13, kateni ndizi zilizokomaa zingali kijani. Zipangeni darini juu ya moto wa jikoni, au zifunikeni kwa majani makavu ya migomba. Ukanda wa chini zitaiva kwa siku sita au saba, lakini juu karibu na msitu, ambako Desemba bado kuna baridi ya usiku, ongezeni siku mbili tatu. Ndizi iwe laini na ganda lianze kupata madoa meusi. Ndizi nusu mbivu haina sukari ya kutosha, na mbege yake huwa nyembamba, haipandi.

Tarehe 16, loweka ulezi usiku mzima. Asubuhi uchuje maji, utandaze kwenye gunia lenye unyevu, ufunike kwa majani ya migomba, na nyunyiza maji mara mbili kwa siku. Siku ya tatu utakuwa umetoa mimea midogo. Uanike juani mpaka ukauke kabisa, kisha usage kabla ya Krismasi, tarehe 23 au 24. Ulezi uliopata ukungu wa kijani au mweusi mtupe wote, hata kama ni hasara. Kuupepeta hakuondoi sumukuvu, wala kuupika.

Tarehe 21 hadi 23, kulingana na zilivyoiva, menya ndizi, tia kwenye pipa la kupikia na maji yanayozifunika, kama lita 80, na chemsha kwa moto wa kuni usiokatika. Inachukua nusu siku au zaidi. Zimeiva pale uji wake unapogeuka rangi ya kahawia nyekundu na harufu ya ndizi mbichi imekwisha. Koroga mara kwa mara hadi chini, maana ikishika moto mbege yote itanuka moshi na hakuna dawa.

Ipue, iache ipoe, ihamishie kwenye chombo cha plastiki cha chakula, cha chuma kisichopata kutu au mtungi, kisha ufunike. Usiiache kwenye ndoo ya bati, kwa sababu uchachu hula bati na kuingiza sumu kwenye kinywaji. Pipa lililowahi kubeba dawa za kahawa halifai, hata likioshwa mara kumi. Mchanganyiko huu, ambao ni nyalu, ukae siku nne hadi sita. Ukiwa tayari, povu litapungua, juisi itajitenga na makapi, na ladha itakuwa kali kidogo bila kuwa siki.

Tarehe 27 asubuhi, kamua na kuchuja nyalu. Wazee walichujia majani makavu, na leo kitambaa safi kinatosha. Wakati huo huo pika uji wa unga wa ulezi mzito wa wastani, uchemke vizuri, na uuache upoe mpaka kidole kikikaa ndani kisiungue. Huo ndio mso. Kosa linaloua mbege kuliko mengine yote ni kumimina mso wa moto kwenye juisi. Joto huua hamira ya asili, na kesho yake mnakuta uji mtamu uliolala.

Changanya mso na juisi, kisha tia msesewe kidogo kidogo huku ukionja. Msesewe ndio unaotia uchungu na kuzuia mbege isiwe tamu kama togwa. Ni gome lenye nguvu ya dawa, na linaweza kushusha shinikizo la damu, basi msizidishe kwa kufikiri uchungu mwingi ndio ukali. Wajawazito na wanaotumia dawa za presha wasinywe. Funika bila kukaza, maana hewa inayotoka inaweza kurusha mfuniko. Baada ya saa 18 hadi 24 mbege iko tayari. Tarehe 29 itakuwa kali, na tarehe 30 ni siki, ndiyo maana haiwezi kupikwa mapema "ili tupumzike".

Kabla ya kuchanganya, tengeni ndoo moja ya togwa ya ulezi kwa watoto na wasiokunywa pombe. Walutheri, Wakatoliki na Waislamu wamo katika koo nyingi, na baadhi yao hawatashiriki tambiko. Waambieni wazi kitakachofanyika na saa yake, ili asiyetaka afike wakati wa chakula. Kumficha mtu halafu akajikuta kaburini ni kumkosea yeye na warumu pia. Kwa Waislamu, mbuzi wa pili achinjwe na Mwislamu, na apikwe kwenye sufuria yake.

Mbuzi

Anunuliwe siku tatu kabla ili aonekane anavyokula na kutembea. Koo nyingi hutaka dume wa rangi moja asiye na kilema: masikio mazima, macho mawili, miguu iliyonyooka. Rangi ulizeni kwa mtambikaji kabla hamjaenda mnadani.

Mwiteni afisa mifugo amkague. Kimeta hutokea katika mkoa wa Kilimanjaro. Mnyama aliyekufa ghafla, au anayetoka damu isiyoganda puani, mdomoni au kwa nyuma, asichinjwe, asipasuliwe wala asichunwe. Toeni taarifa, na watu wakae mbali.

Siku ya tambiko

Anzeni asubuhi mapema, jua halijapanda. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, akionekana ni vizuri, lakini wingu halizuii kitu, maana upande wake unajulikana. Mtambikaji husimama akielekea mlima, ukoo ukiwa nyuma yake, simu zimezimwa.

Mpishi huonja mbege kwanza, hadharani, ndipo anamkabidhi mtambikaji kata. Ni desturi ya kuonyesha kwamba kinywaji hakina ubaya, na hata mpishi akiwa mama mzazi isirukwe. Mtambikaji hunywa kidogo, hupuliza au kutema kidogo kama baraka, kisha humimina polepole penye masale au kaburini. Maneno yana mpangilio: kumwita Ruwa, kuwataja warumu kuanzia wa juu kabisa kushuka chini, kueleza nani wamefika na kwa nini, kukiri ugomvi uliokwisha kusuluhishwa, kukabidhi kilicholetwa, na kuomba. Husemwa Kichagga. Mtambikaji asiyekijua vizuri aseme kwa maneno machache anayoyamiliki, kisha amalizie kwa Kiswahili. Hiyo ni afadhali kuliko kusoma karatasi ya Kichagga asichokielewa. Orodha ya majina ndiyo inayoruhusiwa kuwa mkononi.

Mbuzi huletwa baada ya maneno. Akichinjwa, damu ikingwe kwenye bakuli lenye chumvi kidogo na ikorogwe kwa kijiti bila kusimama mpaka nyuzi zijikusanye, ama sivyo itaganda na kisusio, yaani mchuzi wa damu, hakitapatikana. Pikeni kisusio kichemke kabisa. Nyama hupasuliwa juu ya majani ya migomba, si juu ya turubai lililobebea saruji.

Vipande vidogo vya maini na nyama huwekwa penye masale kabla mtu yeyote hajala. Katika koo nyingi huvishwa pia pete ya ngozi ya mbuzi kidoleni kwa wale wanaoombewa. Wanaovaa wasiitupe njiani kurudi Dar es Salaam. Waulize wazee ivuliwe lini na iachwe wapi.

Mgawo wa nyama ni sheria kamili: kila kiungo kina mwenyewe kwa kufuata umri, jinsia na nafasi ya uzawa. Mchinjaji aambiwe kabla ya kisu, kwa sababu kidari kikishakatwa vibaya hakiungiki, na mzee aliyekosa fungu lake ataondoka kimya na hamtajua mpaka mwaka unaofuata. Mwekeni mtu mmoja mzima, asiyekunywa, asimamie mafungu.

Mbege iliyobaki hainywewi na mpita njia mpaka majirani wa mtaa wameitwa. Vyombo vioshwe siku hiyo hiyo, makapi ya ndizi wapewe ng'ombe kidogo kidogo, na vipande vilivyowekwa penye masale viachwe hapo hapo. Mbwa au kunguru akivichukua, msimfukuze.