Eti Jumatatu mafuta yanashuka? Pima mwenyewe kabla hujaweka hela

Wakuu, kwenye magrupu ya treding kuna hii habari kwamba mafuta ghafi Jumatatu yanashuka na Ijumaa yanapanda, na mtu anaingiza hela ya ada ya mtoto kwa sababu tu ya jina la siku. Inaniuma sana hii, maana kupima ni kazi ya jioni moja na data ni ya bure.

Ingia tovuti ya EIA, wale wa takwimu za nishati wa serikali ya Marekani, pakua bei za kila siku za WTI (mafuta ghafi ya Marekani), zipo tangu 1986. Fungua kwenye Excel: tarehe, bei, halafu safu ya tatu ni bei ya leo toa ya jana gawa kwa ya jana, safu ya nne weka WEEKDAY ikupe siku. Kisha AVERAGEIF, unapata wastani wa kila siku.

Sasa hapa ndo wengi wanapoteleza. 20 Aprili 2020 ilikuwa Jumatatu, na siku hiyo mkataba wa Mei wa WTI (wa mafuta ya kukabidhiwa mwezi Mei) ulifunga dola 37.63 chini ya sifuri. Kimahesabu hilo ni anguko la asilimia 300 na ushee, na kwenye miaka 10 una Jumatatu kama 500 tu, kwa hiyo hiyo moja peke yake inavuta wastani wa Jumatatu zote chini kwa asilimia 0.6 hivi, unaona "Jumatatu inashuka" kumbe ni siku moja. Na Jumanne yake bei ilipanda lakini fomyula itakuandikia hasi, coz unagawa kwa namba iliyo chini ya sifuri! Toa hizo siku mbili, au tumia MEDIAN, yaani namba ya katikati badala ya wastani.

Ukimaliza kata data nusu kwa nusu, miaka ya zamani na ya karibuni. Siku inayong'aa nusu moja tu achana nayo. Inayobaki toa spredi ya broka wako (tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza) uone kama kuna kitu.

Mi naona cha maana zaidi ni kuongeza safu ya ABS, yaani bei imetembea kiasi gani bila kujali juu au chini, maana siku zina ratiba. Jumatano EIA wanatoa ripoti ya akiba ya mafuta, saa kumi na moja na nusu jioni kwetu Afrika Mashariki, Marekani wakirudisha saa nyuma inakuwa kumi na mbili na nusu, na Jumatatu ikiwa sikukuu kwao kwa kawaida inasogea Alhamisi. Alhamisi ni ripoti ya akiba ya gesi asilia. Dakika hizo spredi inatanuka, usiingie kichwa kichwa.

Wikendi nayo uiheshimu. Viwanda vya mafuta vya Abqaiq, Saudi Arabia, vilishambuliwa Jumamosi 14 Septemba 2019. Brent (mafuta ghafi ya Bahari ya Kaskazini) ilifunga Ijumaa kwenye dola 60 na senti, Jumatatu ikafunguka ikaruka karibu asilimia 20, sasa aliyeuza Ijumaa akitegemea bei ishuke, akaweka stopu losi (oda ya kumtoa sokoni hasara isizidi) kwenye 62 akalala, haikumkinga, bei ilishaipita hiyo 62 soko likiwa limefungwa. Ndo maana Ijumaa usiku mi nafunga oda zote za mafuta, hata iliyo kwenye faida.