Mwanaume ukiota ziwa, anza na mfuko wako wa dawa

Nimekuwa muuguzi wa CTC, kliniki ya matunzo na tiba kwa wenye VVU, mjini Morogoro miaka kumi na moja. Wanaume wenye shida hii ya kuota matiti huja na koti hata saa saba mchana, wanangoja foleni iishe, ndipo waseme: "Sista, shati linaniumiza hapa kwenye chuchu."

Jikague kwanza. Lala chali, mkono nyuma ya kichwa. Shika ziwa kwa kidole gumba na cha shahada, kimoja huku, kingine kule, uvisogeze taratibu kuelekea chuchu. Kama ni mafuta ya unene, hutakuta kitu. Kama ni tezi ya ziwa imekua, utagusa kisahani kinachonesa chini ya chuchu, mara nyingi kinauma. Ukikuta gumu kama kokoto, upande mmoja, pembeni ya chuchu, au chuchu imezama au inatoa damu, nenda hospitali wiki hiyohiyo. Saratani ya matiti huwapata wanaume pia, ingawa ni nadra.

Sasa mwaga dawa zako zote mezani. Andika kila moja na mwezi ulioianza, halafu mwezi kifua kilipoanza kuuma. Sisi tulikuwa tunaishuku kwanza efavirenzi, dawa ya VVU iliyokuwamo kwenye kidonge cha TLE kabla wengi hawajahamishiwa dolutegraviri kuanzia 2019. Wengine ni spironolaktoni ya moyo na ya maji tumboni, ketokonazoli ya fangasi, simetidini ya vidonda vya tumbo, risperidoni ya magonjwa ya akili, na baadhi ya dawa za tezi dume. Andika na sindano za kujaza misuli, ambazo vijana huzificha sana. Pombe itaje bila aibu, maana ini likiharibika homoni huvurugika. Papasa na korodani. Uvimbe huko nao huleta ziwa. Mtoto wa kiume anayebalehe mtulize tu, kwa kawaida hurudi sawa ndani ya miaka miwili.

Lakini nakuomba, usiache dawa kwa uamuzi wako. Dereva mmoja wa lori aliacha ARV miezi mitatu kwa sababu wenzake walimcheka. Alirudi na kifua kikuu, amebaki mifupa. Angekuja siku ile ya kwanza, tungembadilishia dawa tu.

Tena wahi: kisahani kikipita mwaka hugeuka kovu, na hapo hubaki kisu. Mpe daktari karatasi yako, umuulize: "Kati ya hizi, ipi ina mbadala?" Ya spironolaktoni, kwa mfano, ni eplerenoni.